Femtolita 68 za mtoto na kijiko cha chai cha jikoni

Swali la msomaji:

“Habari za kazi, mtaalamu. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi sita, uzito kilo 12. Amekuwa mchovu na anapenda kula udongo, tukampeleka kupima picha kamili ya damu. Karatasi imeandikwa Hb 9.4 g/dL, HCT 30.0%, RBC 4.41 na MCV 68 fL. Mbele ya MCV kuna herufi L, na kiwango cha kawaida wameandika 80–100. Tumepewa dawa ya maji ya kuongeza damu, kijiko kimoja cha chai kila siku. Nimesoma kwamba fL ni kipimo cha ujazo, nikataka kujua mtoto ana damu vijiko vingapi na amepungukiwa vingapi. Kikokotoo kimoja cha mtandaoni kinasema kijiko cha chai ni 4.92892159375E+12 fL, kingine 5.91939E+12, cha tatu 5E+12. Nikigawanya kwa hicho cha tatu, 68 fL ni 0.0000000000136 ya kijiko! Je, damu ya mwanangu imekwisha kiasi hicho, au maabara walichukua damu kidogo mno? Kikokotoo kipi nikiamini? Na dawa nimpimie kwa kijiko chochote cha nyumbani?”

Jibu:

Pole kwa hofu, mama. Kugawanya kwako kuko sawa kabisa, hata sifuri umezihesabu vizuri. Kilichokupotosha ni kitu chenyewe kinachopimwa. Femtolita 68, yaani ile MCV 68 fL ya karatasi yako, si damu aliyonayo mwanao, wala si damu iliyoingia kwenye kichupa cha maabara. Ni ujazo wa chembe nyekundu moja ya damu, yaani wastani wa chembe zote ambazo mashine ilizipima. Ile 0.0000000000136 uliyoipata ni sehemu ya kijiko inayojazwa na chembe moja tu. Ukitaka kukijaza kijiko kizima kwa chembe za ukubwa huo, zikiwa zimeshonana bila maji katikati, utahitaji takriban bilioni 73 na nusu.

Damu yote ya mtoto hukadiriwa kwa uzito wake, wala haisomwi kwenye MCV. Kwa mtoto wa umri huu ni kama mililita 75 hadi 80 kwa kila kilo. Kilo 12 zinatupa kati ya mililita 900 na 960, sawa na vijiko vya chai 180 hadi 192. Nakusihi usianze kutafuta ni vijiko vingapi vimepungua, maana upungufu wa damu wa aina hii si kupungua kwa maji ya damu mwilini. Damu kwa wingi wake iko karibu na kawaida. Kilichopungua ni hemoglobini (ile Hb ya karatasi), rangi nyekundu inayobeba oksijeni, pamoja na ukubwa wa chembe zinazoibeba. Hakuna vijiko vya damu vya kurudisha. Kinachohitajika ni madini ya kutengenezea chembe zilizo bora zaidi.

Sasa tuje kwenye vikokotoo, kwa sababu swali lako ni zuri na wengi hukwama hapohapo.

Kwanza hiyo E. Kikokotoo kikiandika 5E+12 hakijaharibika. Kinamaanisha 5 mara 10 kwa kipeo cha 12, yaani 5 ikifuatwa na sifuri kumi na mbili: trilioni tano. Alama ikiwa ya kutoa, kama 1.36E-11, nukta ya desimali imesogea kushoto nafasi kumi na moja. Ndiyo namba yako ileile, imeandikwa kwa ufupi.

Pili, njia ya mkono, ambayo ni salama kuliko kunakili skrini. Geuza kijiko kuwa mililita kwanza, kisha shuka ngazi moja moja, kila ngazi ikizidishwa kwa elfu. Mililita 5 ni mikrolita 5,000. Hizo ni nanolita 5,000,000. Ukishuka tena ni pikolita 5,000,000,000, na ngazi ya mwisho ni femtolita 5,000,000,000,000. Ngazi nne, sifuri tatu kila ngazi, jumla kumi na mbili. Kijiko cha chakula cha mililita 15 kitakuwa femtolita trilioni 15, na kikombe cha mililita 250 kitakuwa trilioni 250. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuruka ngazi. Mtu anatoka mikrolita anakwenda pikolita huku akidhani amepita ngazi moja, jibu linakosewa mara elfu. Kosa lingine ni kusoma uL kama mL. Karatasi nyingi za maabara huchapwa uL kwa kuwa printa haikuwa na herufi ya Kigiriki µ, na hiyo ni mikrolita. Kuichanganya na mililita ni kukosea mara elfu vilevile.

Tatu, mbona vikokotoo vitatu vinatofautiana? Havijatofautiana katika femtolita. Vimetofautiana katika kijiko. Cha kwanza kinatumia kijiko cha Marekani, ambacho kimetoholewa kutoka galoni yao ya inchi za ujazo 231. Gawanya galoni hiyo kwa vijiko 768, na kwa kuwa inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, unapata mililita 4.92892159375 bila kubakiza kitu. Cha pili kinatumia vipimo vya zamani vya Uingereza, ambako galoni ni kubwa zaidi, na kijiko kilichokokotolewa humo kinafika mililita 5.919. Cha tatu kinatumia kijiko cha metriki cha mililita 5, na hicho ndicho kinachokusudiwa kwenye dawa na kwenye vijiko vya kupimia vinavyouzwa kwetu. Hata Marekani kwenyewe, lebo za vyakula huhesabu kijiko cha chai kuwa mililita 5. Kwa hiyo shika cha tatu.

Zile tarakimu kumi na mbili za kikokotoo cha kwanza zisikutishe wala zisikuvutie. Ni sahihi kwa kijiko cha kwenye sheria ya vipimo, lakini hakuna mkono wa binadamu unaoweza kujaza kijiko kwa usahihi wa tarakimu hata tatu. Ukijaza kijiko cha mililita 5 kwa uangalifu mkubwa bado utapishana kwa matone kadhaa, na kila tone la maji ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita, yaani femtolita bilioni 50. Tarakimu zote baada ya 4.9 zimezama ndani ya tone moja. Andika 5 mara 10 kwa kipeo cha 12, inatosha.

Kuna mtego mwingine hapa ambao huwanasa hata wanafunzi wa sayansi. Vitabu vingine huandika MCV kwa mikromita za ujazo, µm³, badala ya femtolita. Mtu anafikiri: mikro ni sehemu ya milioni, basi mikromita ya ujazo ni sehemu ya milioni ya mita ya ujazo. Sivyo. Mikro inahusu urefu wa upande, na mchemraba una pande tatu za kuzidisha: milioni mara milioni mara milioni. Mikromita ya ujazo ni sehemu moja ya 10 kwa kipeo cha 18 ya mita ya ujazo. Lita moja ni sehemu ya elfu ya mita ya ujazo, kwa hiyo mikromita moja ya ujazo inakuwa 10 kwa kipeo cha kutoa 15 ya lita, na hiyo ndiyo femtolita. 68 fL na 68 µm³ ni kitu kimoja, hakuna cha kugeuza. Usawa huo ni kamili tangu mwaka 1964, pale Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulipoamua kwamba lita ni desimita moja ya ujazo, bila ziada. Kuanzia 1901 lita ilikuwa ikipimwa kwa kilo ya maji, na ilizidi desimita ya ujazo kwa takriban sehemu 28 katika milioni. Mkutano huohuo wa 1964 ndio ulioingiza femto katika orodha ya vipimo vya kimataifa.

Ukiliona jambo hili kwa michemraba, vipimo hivi vinaacha kuwa vya ajabu. Mikrolita ni mchemraba wenye upande wa milimita 1. Nanolita ni upande wa sehemu ya kumi ya milimita. Pikolita ni mikromita 10, na femtolita ni mikromita 1. Kila unapokata sifuri tatu kwenye ujazo, umekata sifuri moja tu kwenye urefu. Ndiyo maana kati ya kijiko na chembe ya damu kuna namba ya kutisha hivyo, wakati kwa urefu tofauti si kubwa kiasi hicho: mililita 5 ni mchemraba wa upande wa milimita 17, na femtolita 68 ni mchemraba wa upande wa mikromita 4.1. Moja ni ndefu kuliko nyingine mara elfu nne na kidogo, basi.

Hapo pia ndipo unapoona kwa nini tunategemea mashine kupima ukubwa wa chembe. Wastani wa MCV kwa mtoto wa umri wa mwanao ni karibu femtolita 81. Kutoka 81 hadi 68 ni upungufu wa asilimia 16 kwa ujazo, lakini upande wa mchemraba umepungua kutoka mikromita 4.33 hadi 4.08, chini ya asilimia 6. Jicho kwenye darubini haliwezi kukata shauri kwa tofauti ndogo hivyo. Jicho lina kazi nyingine ambayo mashine haiiwezi vizuri: kuona umbo na weupe wa chembe. Kwa hiyo vyote viwili huenda pamoja.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho kitakuondolea shaka kuhusu maabara. Namba za karatasi yako zinaweza kujihakiki zenyewe, na kijiko chako kinatufaa sana kwa kazi hiyo. RBC 4.41 maana yake kila mikrolita moja ya damu ina chembe nyekundu milioni 4.41. Kijiko kina mikrolita 5,000, kwa hiyo kijiko kimoja cha damu ya mwanao kina chembe bilioni 22.05. Kila chembe ni femtolita 68. Zidisha: bilioni 22.05 mara 68 ni femtolita trilioni 1.5 hivi. Trilioni moja ya femtolita ni mililita moja, basi chembe zote katika kijiko kile zinachukua mililita 1.5, na zilizobaki 3.5 ni majimaji ya damu. Mililita 1.5 kati ya 5 ni asilimia 30. Angalia karatasi: HCT 30.0%. HCT ndiyo hiyo, sehemu ya damu iliyojaa chembe nyekundu. Njia ya mkato ni kuzidisha HCT kwa 10 na kugawanya kwa RBC: 300 gawanya kwa 4.41 ni 68. Mashine nyingine hupima MCV na kukokotoa HCT, nyingine hufanya kinyume chake, lakini lazima zikubaliane. Zikipishana sana kwenye karatasi, mara nyingi kuna namba iliyokosewa wakati wa kunakili kwa mkono.

Kuhusu damu kidogo: kichupa cha mtoto chenye kifuniko cha zambarau huhitaji takriban nusu mililita, sehemu ya kumi ya kijiko, na mashine hufyonza humo makumi machache tu ya mikrolita. Zinatosha kabisa. Chembe hupunguzwa makali kwa kuchanganywa na maji maalumu ya chumvi, zikapitishwa moja moja kwenye tundu dogo lenye umeme. Kila chembe inapopita huziba njia ya umeme kidogo, na ukubwa wa mshtuko unaosomwa hulingana na ujazo wa chembe. Njia hii ni ya Wallace Coulter, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1953, na mashine nyingi hadi leo zinaitumia. Kwa sekunde chache hupimwa maelfu ya chembe, wastani ukawekwa kwenye karatasi.

Sampuli inaweza kuharibika, ni kweli. Damu ikiganda kichupani kwa kutotikiswa taratibu mara baada ya kutolewa, hesabu ya chembe haiaminiki. Damu ikikaa kwenye joto la chumba zaidi ya siku nzima, chembe huvimba. Sukari ikiwa juu sana katika damu, chembe huvimba zinapoingia kwenye maji ya mashine. Chembe zikishikana kwa sababu ya kingamwili za baridi, mashine huona mbili kama moja kubwa. Lakini tazama mwelekeo wa makosa hayo matatu ya mwisho: yote huipandisha MCV. Sampuli mbovu huificha MCV ya chini mara nyingi zaidi kuliko kuizua. Kwa hiyo 68 yako, ikiwa na HCT na RBC zinazokubaliana nayo, ningeichukulia kuwa ya kweli.

Ila kiwango cha 80–100 kilichochapwa pembeni ni cha watu wazima. Mashine nyingi hazibadilishi kiwango kwa umri mpaka mtu aziwekee. Mtoto mchanga huzaliwa na chembe kubwa, MCV yake ikizidi 100, kisha hushuka. Kati ya miezi sita na miaka miwili wastani ni karibu 78 na mpaka wa chini ni 70. Kati ya miaka miwili na sita wastani ni 81 na mpaka wa chini ni 75. Mtoto wa umri wa mwanao akiwa na 77, mashine ingemchapia herufi L, yaani chini ya kawaida, bila sababu. Wako ana 68, yuko chini hata kwa kiwango cha watoto, na Hb ya 9.4 iko chini ya 11.0 ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwa umri wa miezi 24 hadi 59. Kati ya 7.0 na 9.9 huitwa upungufu wa wastani. Si wa kupiga mayowe usiku, lakini si wa kuachia kijiko na matumaini.

Kwa nini chembe zimekuwa ndogo? Chembe nyekundu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Chembe changa hujigawanya mara kadhaa huku ikijijaza hemoglobini, na inapofikia ukolezi unaotakiwa huacha kujigawanya. Chuma kikikosekana, hemoglobini inachelewa kujaa na chembe huendelea kujigawanya zaidi ya kawaida. Zinazotoka ni ndogo na zimepauka. Kula udongo nako hukutana sana na upungufu wa chuma, na udongo huo huweza kumletea minyoo, wengine wakiwa ni wale wanaofyonza damu tumboni.

Hata hivyo MCV ndogo haimaanishi chuma peke yake. Thalasemia, yaani hitilafu ya kurithi katika kutengeneza hemoglobini, hasa ile nyepesi ya aina ya alfa ambayo ipo kwa wingi katika pwani yetu, hufanya chembe ziwe ndogo hata kama chuma kimejaa. Ugonjwa wa muda mrefu unaweza kufanya hivyo, na madini ya risasi pia. Tena MCV inaweza kuficha mambo mawili yanayovutana: mtoto mwenye selimundu anayetumia haidroksiurea huwa na MCV ya juu kwa sababu ya dawa, na anaweza kuwa amekosa chuma pia. Kwa hiyo karatasi hii ni alama ya njia, bado haijawa jibu.

Tuje kwenye kijiko cha dawa, maana hapa ndipo ujazo unapomgusa mtoto moja kwa moja. Usimpimie kwa kijiko chochote cha nyumbani. Vijiko vya chai vya mezani hutofautiana sana, kuanzia mililita 2.5 hadi zaidi ya 7, kwa kuwa mtengenezaji alifikiria sukari na chai, hakufikiria dozi. Halafu kuna kujaza: kijiko cha mfuto si sawa na kijiko cha tele, na dawa nzito ya sukari hufura juu ya ukingo bila kumwagika.

Chukua mfano. Kipimo cha tiba kinachotumika sana kwa watoto ni miligramu 3 za chuma halisi kwa kila kilo kwa siku, na wakati mwingine zaidi kwa uamuzi wa daktari. Kilo 12 ni miligramu 36. Tuseme chupa yako imeandikwa kila mililita 5 zina miligramu 30 za chuma halisi. Mtoto anahitaji mililita 6. Kwa kijiko cha mililita 2.5 utampa miligramu 15, chini ya nusu, na baada ya mwezi utaambiwa dawa haifanyi kazi. Kwa kijiko cha mililita 7 utampa 42. Soma chupa yako mwenyewe, kwa sababu nguvu ya dawa hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na tazama kama wameandika chuma halisi au uzito wa chumvi nzima ya chuma. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200, kwa mfano, kina takriban miligramu 65 tu za chuma chenyewe. Kuchanganya namba hizo mbili ni kukosea mara tatu.

Nunua bomba la sindano la mililita 5 au 10 lisilo na sindano, duka lolote la dawa linalo. Toa kikofia chote cha plastiki na ukitupe mbali, mtoto asije akakipalia. Tikisa chupa, fyonza dawa polepole, geuza bomba juu utoe kiputo cha hewa, kisha soma kwenye ukingo wa mpira ulio karibu na mdomo wa bomba, ukiwa umelinyanyua usawa wa macho. Mwekee dawa ndani ya shavu kidogo kidogo, usimrushie kooni. Kama unatumia kikombe kidogo kilichokuja na chupa, kiweke juu ya meza tambarare na uiname uone mstari. Kukisoma kikiwa mkononi hukuongezea au hukupunguzia bila kujua. Usijaribu kupima dawa ya maji kwa mizani ya jikoni ukidhani gramu 5 ni mililita 5. Hiyo ni kwa maji. Dawa yenye sukari nyingi ni nzito kuliko maji, na gramu 5 zake hazifiki mililita 5.

Ukitaka kujua kijiko chako kina ujazo gani, vuta mililita 5 za maji kwa bomba na uyamwage ndani ya kijiko taratibu. Yakijaa kabla bomba halijaisha, soma kilichobaki na utoe. Jaribio hilo lina faida kwa upishi, ila kwa dawa endelea na bomba.

Mpe chuma mbali na chai na maziwa, ambavyo hukizuia kufyonzwa; chungwa au embe husaidia. Kinyesi kitakuwa cheusi, hilo ni la kawaida. Meno yakipata madoa, mswaki na maji baada ya dozi hutosha. Na chupa iwe juu, imefungwa, kabisa kabisa. Chuma kingi kwa mara moja ni sumu kali kwa mtoto: kuanzia kama miligramu 20 za chuma halisi kwa kilo huweza kuleta kutapika na kuhara, na kuanzia 60 maisha huwa hatarini. Kwa mwanao miligramu 240 ndizo zinafika kile kiwango cha kwanza, na vidonge vinne vya mama mjamzito vilivyoachwa mezani vinaweza kuzifikia au kuzizidi. Akila, mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima.

Kuhusu lini uonane na daktari: kwa Hb hii, wiki hii, hata kama dawa tayari unayo. Muulize kama amepimwa selimundu na malaria, kama choo chake kimeangaliwa minyoo, na kama kipimo cha feritini kinapatikana ili kujua akiba ya chuma. Mweleze kuhusu udongo, na umwambie anakunywa maziwa ya ng'ombe kiasi gani, kwa sababu zaidi ya nusu lita kwa siku hufukuza chakula chenye chuma. Usisubiri miadi kama anapumua kwa kasi, viganja na midomo imekuwa myeupe kabisa, moyo unakwenda mbio akiwa ametulia, amelegea au hataki kula, macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama soda, au mikono na miguu imevimba kwa maumivu. Hayo ni ya siku hiyohiyo.

Kama ni upungufu wa chuma na dozi inafika, Hb inatarajiwa kupanda angalau gramu 1 kwa desilita katika wiki nne hivi. MCV itasogea polepole zaidi, kwa sababu chembe nyekundu huishi takriban siku 120 na zile ndogo za zamani bado zitakuwa zikizunguka pamoja na mpya. Kwa hiyo usiikatie tamaa ikisoma 71 mwezi ujao. Hb isipopanda ilhali unatumia bomba na hukosi siku, rudi na karatasi hii ya kwanza, karatasi mpya na chupa ya dawa yenyewe, uombe achunguzwe thalasemia.